Mkuu wa Maji wa Rietspoort

Ha Lekoatsa, Mafeteng
9 Februari 1997

Mdogo wangu Lebeko,

Pokea salamu, na ukizimaliza hizi chukua nyingine. Huku tu wazima, ukiacha goti langu ambalo limeamua kutabiri mvua, na mvua yenyewe haiji. Mahindi yamesimama tu yanatutazama. Yule ng'ombe mweusi wa marehemu mama alizaa, ndama akafa, tukasikitika, tukaendelea. Mtama nao tutavuna iwapo ndege watatuonea huruma.

Sasa kaa chini. Mwanangu Ntsoaki ameposwa! Ndiyo, mpwa wako huyo huyo unayemwita kisiki kwa kuwa hang'oki nyumbani. Mwanaume ni Katleho Phakoe, fundi wa redio pale mjini, mtu mpole hata ukimpa chai anaomba radhi. Baba yake, Ntate Phakoe, alikuja mwenyewe na ndugu zake wawili, wamejifunga mablanketi yao mazuri. Unajua hali ya huyu mtoto. Ana miaka ishirini na tisa, na yule mchumba wa kwanza aliondoka akatuachia midomo ya majirani. Chai yenyewe nikammwagia mzee wa watu kwenye kiatu.

Kwa kuwa baba wa mtoto tulishamzika, wakauliza: mjomba yuko wapi? Ng'ombe wa mahari hawaingii zizi lisilo na mjomba, wewe unajua. Nikasema yupo, yuko ng'ambo ya mpaka, Free State, mji wa Rietspoort. Wakauliza, anafanya nini huko? Lebeko, mdomo ulinitangulia. Nikasema wewe ndiye mkuu wa maji wa mji mzima. Weee, ungewaona walivyotazamana! Ntate Phakoe akasema, "Mwenye maji ndiye mwenye watu." Mimi nikaongeza sukari.

Basi ndiyo hivyo, limeshatoka. Mzee alichimba dhahabu Welkom, huko huko Free State, miaka mingi, na bado anakwenda huko kupimwa mapafu. Amesema safari ijayo atapitia kazini kwako akusalimie. Niandikie upesi nijue nizidi kuwaambia nini. Na uniandikie vizuri.

Dada yako,
'Mantsoaki


Rietspoort
16 Machi 1997

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima yako yote. Barua yako ilichelewa kwa sababu mwenye duka ninakopokelea barua alikuwa anawekea juu yake kikombe cha chai, jina langu likafutika. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Poleni kwa ndama. Mwambie Ntsoaki kwamba kisiki kimeng'oka na mjomba wake amecheka peke yake barabarani, watu wakampisha.

Lakini dada, mkuu wa maji? Mimi?

Wewe unajua ninachofanya. Unajua tangu mwaka ule uliponiletea godoro, ukalala siku moja, ukasema upepo wa hapa haukupatani. Hukuuliza, nami sikusema. Kwenye barua zangu naandika "kazi ya maji", kwenye zako unaandika "hiyo kazi yako", na tumeishi hivyo vizuri tu. Basi leo niseme. Maji yangu ni yale ambayo watu wameshamalizana nayo. Ya jikoni, ya kufulia, ya chooni. Hasa ya chooni.

Akitaka kujua Ntate Phakoe, mambo yako hivi. Maji taka ya mji yanaingia kwa bomba moja kubwa na kukutana na wavu wa vyuma. Hapo nasimama na reki navuta nje visivyopita: matambara, mifuko, siku moja meno ya bandia ya mtu. Mbele kuna mfereji ambamo mchanga unazama. Halafu bwawa la kutulia, ambamo mwendo wa maji unapunguzwa, vizito vinashuka chini vikawa tope. Yanayobaki yanaingia bwawa la hewa. Mashine zinayapiga na kuyachemsha bila moto, na humo ndani kuna vijidudu ambavyo huvioni kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi, si mimi. Vinakula uchafu, vinavuta hewa, vinazaana, vinashikana vikawa mabonge ya rangi ya kahawia. Kwenye bwawa la mwisho mabonge yanazama na maji safi yanabaki juu. Tope hilo liko hai, kwa hiyo tunalirudisha nyuma likale tena, na lililozidi tunalipeleka kukaushwa. Maji ya juu yanatiwa klorini kidogo, kisha yanakwenda mtoni.

Kwa hiyo mimi ni mfugaji, dada. Naangalia hewa isipungue, chakula kisizidi, tope lisiwe jingi mno wala haba. Kila asubuhi nachota maji ya bwawa la hewa kwenye chupa ndefu ya kioo, nayaacha yatulie huku nakunywa chai. Tope likizama vizuri na maji juu yakawa maangavu, siku hiyo nafanya kazi napiga mluzi.

Ukiieleza ni kazi nzuri. Ukiifanya, unaoga mara tatu na bado Jumapili kanisani watu wanakuachia nafasi kubwa kwenye benchi. Hawakutukani. Wanavuta tu watoto wao upande wa pili. Miaka yote hii sijaalikwa chakula na mtu. Nilidhani nimezoea. Niliposoma ulichowaambia wakwe, uso uliniwaka hapa dukani mbele za watu, nikajua kwamba sijazoea hata kidogo, na kwamba wewe pia unaona aibu.

Tena sasa hivi kuna povu. Kuna vijidudu vingine virefu kama nyuzi, vikizidi vinaleta povu zito la kahawia juu ya bwawa zima. Linanuka na kulitazama ni kichefuchefu. Dawa yake ni klorini kidogo sana na subira nyingi. Tafadhali mzuie mzee. Mwambie nina kazi nyingi.

Mdogo wako,
Lebeko


Ha Lekoatsa
13 Aprili 1997

Lebeko,

Hatujambo. Mvua imekuja sasa wakati hatuihitaji, imelaza maharage. Ntsoaki anashona shuka za kwake, anaimba siku nzima mpaka kuku wamechoka.

Barua yako niliisoma mpaka kwenye wavu wa vyuma, nikaikunja, nikaiweka chini ya Biblia. Sikumwonyesha mtu. Mimi sikukuuliza vinakula nini, nilikuuliza niwaambie nini wakwe. Hayo ni mambo mawili.

Mzee siwezi kumzuia. Nimzuie kwa lipi, nimwambie mkuu wa maji hana nafasi ya kumsalimia mkwe? Atakuja Jumamosi ya pili ya Mei. Nakuomba kitu kimoja tu, na ninakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni: siku hiyo pasinuke. Hilo povu sitaki kulisikia, litoe. Si wewe ndiye mwenye dawa? Tia dawa. Vaa lile koti la baba, mpokee getini, mzungumze habari za mifugo, apande gari aende zake. Asifike huko ndani.

Wakivunja posa hii, Ntsoaki atazeekea jikoni kwangu, na kila nikimtazama nitajua ni kitu gani kilichomkimbizia mume. Usinifikishe hapo.

'Mantsoaki


Rietspoort
4 Mei 1997

Dada,

Salamu. Niko salama, natumai maharage yameinuka.

Usiwe na wasiwasi tena. Povu limekwisha! Nimetia klorini kwenye tope linalorudi bwawani, na nilipoona kidogo haitoshi nikaongeza. Motsamai, mwenzangu wa zamu, alinishika mkono akasema, "Bwana, polepole, utaua mifugo." Nikamwambia asinifundishe kazi. Sasa bwawa liko wazi, unaona mashine zinavyozunguka. Nimefyeka majani, nimepaka chokaa mawe ya getini, koti la baba nimelianika. Hata harufu imebadilika, pananuka kama hospitali.

Ile chupa ya kioo sijaitazama wiki hii, shughuli zimekuwa nyingi.

Mzee aje. Nitamkaribisha.

Lebeko


Ha Lekoatsa
8 Juni 1997

Lebeko,

Nianze na habari za nyumbani wakati hujibu hata salamu? Haya. Goti linauma. Baridi imeingia, maji ya ndoo yanaganda. Ntsoaki haimbi.

Ulimfanya nini mzee wa watu? Alirudi kutoka huko, nikangoja anipitie, hakupita. Nikamtuma Ntsoaki kwao na mkate wa mvuke, mzee akaupokea, akamshukuru. Ntsoaki akauliza kwa adabu, "Baba, ulimwona mjomba?" Akasema, "Nilifika." Basi. Akarudi kwenye moto wake. Siku ya kuleta ng'ombe ilikuwa imeshapangwa, sasa ndugu zake wamekuja kusema isogezwe mbele, na walipoulizwa mpaka lini wakatazama milima. Katleho mwenyewe hajui lolote, anakuja tu anakaa, anatengeneza redio yangu ambayo haijaharibika.

Nimekuandikia mara mbili mwezi uliopita. Kijana mmoja wa hapa kijijini anayefanya kazi huko kwenye mashamba amesema mji wenu ulinuka mpaka shule ikafungwa, na kwamba wanawake walikuja kazini kwenu na hasira. Nikamwambia si huko, mdogo wangu yuko kwenye maji.

Ndivyo nilivyomwambia, Lebeko. Mpaka leo bado nasema hivyo. Nijibu.

Dada yako


Rietspoort
13 Julai 1997

Dada yangu,

Nakusalimu ingawa sistahili kusalimu mtu. Barua zako zote nilizipata. Nilikuwa nazibeba mfukoni na kuzirudisha nyumbani bila kuzijibu.

Niliiua mifugo yangu mwenyewe. Ndilo jambo lenyewe. Klorini haichagui, ikizidi inaua vya povu na vya kazi pamoja. Ningetazama ile chupa ya kioo hata asubuhi moja ningeona, tope halizami tena, maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Sikutazama kwa sababu sikutaka kujua. Nilitaka papendeze. Mimi ambaye nimewafundisha vijana watatu kwamba bwawa zuri ni la kahawia, nilitaka langu ling'ae ili mkwe asione aibu!

Vilipokufa, uchafu wa mji mzima ukawa unaingia na hakuna wa kuula. Tope lililokufa likaoza chini, likawa linapanda juu mabonge mabonge meusi. Harufu ilifika mjini kabla ya habari. Na maji yale yakaenda mtoni vilevile yalivyokuja, kule chini ambako wanawake wa kitongoji wanafulia. Samaki walielea. Hakuna mtoto aliyedhurika, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kuna mama ambaye nguo za maziko ya mumewe zilikuwa mtoni siku ile, na alinionyesha.

Ntate Phakoe alikuja siku ile ile waliyokuja wanawake wa kitongoji. Walikuwa getini na ndoo za maji ya mtoni, wakayamwaga juu ya yale mawe niliyoyapaka chokaa. Mmoja akapiga kelele, "Wewe mla mavi, njoo uyanywe!" Mimi nilikuwa ndani ya bwawa la mwisho, tope kifuani, natoa mabonge kwa koleo, koti la baba liko msumarini. Mzee akapita katikati yao ameshika kofia, akafika ukingoni, akaniangalia kwa juu.

Akasema, "Habari za kazi, baba. Namtafuta Lebeko, mkuu wa maji."

Dada, kama angesema jina peke yake labda ningejibu. Lakini aliposema mkuu, mbele ya wale wanawake, na mimi nilivyo, niliinamia koleo langu. Nikasema, "Yuko likizo."

Akauliza, "Na wewe ni nani wake?"

"Kibarua tu."

"Hata jina huna?"

Nikasema wananiita Kibarua.

Aliendelea kunitazama. Wewe unajua uso wangu ni wa baba, na Ntsoaki ana uso huo huo, mtu aliyemwona mmoja amewaona wote. Mwishoni akauliza choo kiko wapi, Motsamai akamwonyesha. Alipotoka akavaa kofia akaniambia, "Ukimwona mwambie Phakoe alipita." Akaenda. Nilibaki ndani ya lile bwawa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Bwawa sasa linapona. Tulikwenda mji wa jirani kuomba tope lao lililo hai, wakatupa lori zima, kama vile wewe unavyoomba kwa jirani chachu ya kupikia pombe ya joala. Tukalimwaga, tukalipa hewa, tukangoja. Baridi hii vijidudu vinazaana kwa uvivu, lakini wiki hii tope limeanza kuzama. Bosi alinikemea, akaniacha kazini kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka. Maji yamerudi kuwa maji. Mimi sijui nimerudi kuwa nini. Mwambie Ntsoaki chochote unachotaka. Sema nimekufa, kama itasaidia.

Lebeko


Ha Lekoatsa
17 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Umzima? Sisi wazima. Mipichi imeanza kuchanua mapema, theluji ikija itaiua yote. Nimepunguza chumvi kwa ajili ya goti, jirani kasema inasaidia, uongo mtupu.

Acha upuuzi wa kufa. Barua yako nilimsomea Ntsoaki. Nilitaka kuiruka sehemu ile ya getini, akaninyang'anya akaisoma mwenyewe kwa sauti. Jioni akasema, "Mama, nani alimwambia awe mkuu?" Nikaenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Kesho yake nikavaa, nikaenda kwa Phakoe peke yangu, mwanamke bila mwanaume wa kunisemea. Nilimwambia mkuu wa maji ni uongo wangu. Nilimwambia povu ni mimi niliyesema litolewe. Uso wangu ulikuwa chini, nasemea vidole vya miguu yake.

Akasema, "Nilijua tangu pale ukingoni. Hata ndani ya bwawa lile alikuwa na pua ya mkwe wangu Ntsoaki." Nikauliza, kumbe basi ni kazi yake ndiyo imekuchukiza? Akakasirika. "Mama, mimi nimeishi chini ya ardhi na wanaume elfu, unadhani huko tulikuwa tunanusa maua? Sikiliza. Siku mwanangu akimkosea huyu binti, akimwinulia mkono, binti atakimbilia wapi? Kwa mjomba. Mjomba ndiye mlango wake. Sasa mjomba anayekana jina lake mchana kweupe kwa sababu ana tope kifuani, akigongewa usiku atafungua? Au atasema yuko likizo?"

Sikuweza kukutetea, Lebeko.

Ametoa sharti. Ng'ombe wataletwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Uje. Usimame zizini mbele ya wanaume wa pande zote mbili, useme jina lako na kazi yako kwa mdomo wako mwenyewe, na useme ulichomwambia siku ile. Usipokuja, ng'ombe wanageuka hapo hapo barabarani na posa imekwisha. Ntsoaki anasema atakungoja. Mimi pia nasema hivyo.

Dada yako,
'Mantsoaki


Rietspoort
12 Oktoba 1997

Dada yangu,

Nilifika salama, baada ya kulala mpakani kwa kukosa gari. Nawasalimu nyote, na majirani waliouliza habari zangu. Samahani niliondoka siku ile ile bila kulala. Kikohozi kimerudi kidogo. Motsamai alilitunza bwawa vizuri, tope linazama, maji ni maangavu, wanawake wa kitongoji wanafulia tena. Hawanisalimu, lakini wanafulia.

Umeniuliza nilisema nini zizini, kwa kuwa wanawake hamuingii humo na wanaume wote uliowauliza wanacheka tu au wanabadilisha mazungumzo. Nitakuambia.

Nilisimama. Nilikuwa nimeoga kwako, nimeoga tena mtoni, na bado nilisimama upande ambao upepo hauwapelekei. Nikasema, "Mimi ni Lebeko, mdogo wake 'Mantsoaki, mjomba wa Ntsoaki. Mwezi wa Mei nilimwambia Ntate Phakoe kwamba mimi si mimi. Si mkuu wa kitu chochote. Kazi yangu ni kusafisha mavi ya watu wa Rietspoort." Nililitaja hivyo hivyo, dada, kwa sababu ningesema maji taka ningekuwa nimejificha tena.

Ng'ombe mmoja akakojoa, na hakuna aliyecheka. Kisha mzee mmoja mwenye kiko, mjomba wa Phakoe, akauliza, "Mavi ya nani?"

Nikasema, "Ya kila mtu. Hata ya Ntate Phakoe, maana alipokuja aliomba choo."

Hapo zizi lilipasuka kwa kicheko! Mzee mwenye kiko alicheka mpaka akakohoa, akauliza, "Na ukishayasafisha yanakwenda wapi?" Nikasema mtoni. "Mto gani?" Nikasema unaingia Mohokare, mto wetu wa mpakani. Akaacha kucheka. "Huko ndiko ng'ombe wangu wanakunywa!" Wakacheka tena, ila safari hii kidogo, na kila mtu akawa anafikiri. Ntate Phakoe akainuka. Akasema, "Niliomba jina, nimepewa jina. Ng'ombe waingie." Ndipo tulipoanza kusikia vigelegele vyenu huko nje.

Kwa hiyo Ntsoaki ameolewa, na akigonga nitafungua. Hilo nimeliapia, na Ntate Phakoe alilisikia. Alikata nyama kwenye sinia langu, kipande kimoja, akakitafuna mbele ya wote. Nilimwona anavyomeza kwa taabu, lakini alimeza. Wengine walisema wameshiba. Nyama niliyobaki nayo niliwapa mbwa wakati hakuna anayetazama. Siwalaumu. Usimwambie Ntsoaki.

Kuna jambo jingine, nami nilifikiri sana kama niliandike. Wewe ulinipakulia jikoni, papa, ule ugali wetu, na mboga na nyama ya kifua ninayoipenda, ukanikalisha kwenye kiti cha baba, ukanitazama nikila mpaka nikamaliza. Nilifurahi, dada. Wakati naondoka nilipita nyuma ya nyumba kutafuta begi langu, wewe ulikuwa unawaaga wageni. Sahani yangu ilikuwa jalalani. Ile ya bati nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Peke yake, haijavunjika.

Niliiokota. Niliisugua kwa majivu, nikaiosha kwa sabuni, nikaisuuza mara mbili, nikaipanga kabatini katikati ya zile nyingine kumi na moja. Zote zinafanana. Hata mimi mwenyewe singeweza kukuonyesha ni ipi.

Mdogo wako,
Lebeko